Ugali hali siku ya tano, na ana kitu kama pamba kwenye matamvua

Baba Tasha, Kasarani (Jumanne, saa tatu usiku)

Hamjambo wote. Kabla hamjacheka: Ugali si chakula, ni aksolotli wa binti yangu, yaani amfibia wa majini, wa kundi moja na vyura. Tasha ana miaka 9. Alimwona mnyama huyu kwenye mchezo wa simu ya binamu yake, akanisumbua mwaka mzima, na Agosti iliyopita nikasalimu amri. Nilimnunua kwa jamaa mmoja anayeuza samaki wa mapambo, akiwa na urefu wa kidole changu cha kati. Sasa amefika kama sentimita 18. Ni mweupe mwenye macho meusi, na siku tuliyomleta nyumbani alijikunyata kwenye kona ya tangi kama tonge. Jina likajitunga lenyewe.

Shida ni hii. Leo ni siku ya tano hajatia kitu mdomoni. Nyungunyungu ninamshikia kwa kibanio mbele ya pua, anageuza kichwa kama mtoto aliyeonyeshwa dawa. Juzi nikaona kitu cheupe kama pamba kwenye tamvua (yale matawi ya kupumulia pembeni mwa kichwa) la juu, upande wa kushoto, kidogo tu kama punje ya mchele. Leo asubuhi ni punje mbili. Matamvua yenyewe yameinamia mbele, na ncha ya mkia imejikunja kama ndoano. Mara moja moja anachomoka mbio bila sababu, anajigonga kwenye kioo, kisha anatulia chini akihema.

Tangi ni la lita 80, liko sebuleni karibu na dirisha maana ndipo penye soketi. Chini nimeweka kokoto ndogo za rangi, Tasha alizichagua mwenyewe. Filta ni ya sponji na ni safi kabisa, Jumatano iliyopita dada anayetusaidia kazi za nyumbani aliiosha. Maji ni ya mfereji. Huwa nabadilisha robo kila Jumapili, ila juzi mgao ulituruka, mfereji ukakaa mkavu siku tatu, nikaacha. Kipimajoto sina. Vya kupimia maji pia sina.

Aliyeniuzia nimempigia. Akasema "hao wakikua huwa hivyo" na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa makusudi.

Nianzie wapi? Tasha anaenda shule na uso wa matanga.


Jembe la Rongai (Jumanne, saa tatu na nusu usiku)

Pole kaka, usipandishe presha. Hiyo ni kuvu tu. Tafuta ile dawa ya kijani ya samaki, tia matone kama chupa inavyosema, halafu weka hita maji yafike nyuzi 28. Gapi wangu walitoka vidoa vyeupe mwaka jana, siku nne wakawa wazima wanacheza.


Fundi wa Vioo, Buruburu (Jumanne, saa nne na robo usiku)

Baba Tasha, hiyo chupa ya kijani usiifungue. Jembe, sina ugomvi nawe, ila gapi ana magamba na joto ndiyo asili yake. Aksolotli hana magamba. Ngozi yake inanyonya chochote kilichomo majini. Dawa za kijani nyingi zina malakaiti, ile rangi ya kuulia kuvu, nyingine zimechanganywa na fomalini au shaba, na hizo zote kwake ni sumu. Na kwa nyuzi 28 hutamtibu, utamchemsha.

Mimi natengeneza matangi ya vioo, nakata na kugandisha kwa silikoni tangu 2004. Aksolotli nilianza kufuga 2017, na wa kwanza alinifia Februari iliyofuata kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa nabadilisha maji saa nane mchana moja kwa moja kutoka tangi jeusi lililo juu ya paa. Mnajua maji yale Februari yanavyokuwa, unaweza kumwogesha mtoto mchanga bila kuchemsha mengine. Mnyama akaacha kula, akapauka, akaanza kuelea, nami nikawa namtilia dawa hii leo, ile kesho. Nilinunua kipimajoto baada ya kumzika. Nyuzi 27. Aksolotli anataka kati ya 16 na 18, ishirini ndiyo mwisho wa raha yake, ukivuka 22 au 23 kwa siku kadhaa umeanza kumuumiza.

Turudi kwa Ugali. Huyu mnyama haongei lakini ana bendera mbili, matamvua na mkia. Matamvua yakiinamia mbele na ncha ya mkia ikijikunja, anakwambia maji yananikera. Huenda mkondo wa filta ni mkali, huenda maji yenyewe yameharibika. Filta ya sponji haina mkondo wa kumsumbua, kwa hiyo la kwanza naliondoa. Zile mbio za ghafla ndizo zinanitia hofu, kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya akiwa anaunguzwa. Hiyo pamba imekuja nyuma, imekuta ngozi imeshachubuka.

Sasa nisomee tena ulipoandika "dada aliiosha". Umepita hapo upesi upesi, umeweka hata sifa, "safi kabisa". Aliiosha na nini?

Nauliza kwa sababu ile sponji kazi yake si kunasa uchafu tu. Ndani yake kunaishi bakteria, na hao ndio wanaomwokoa mnyama wako kila siku. Mkojo, kinyesi na chakula kilichooza vinatoa amonia. Kundi moja la bakteria linaila amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi la pili linaigeuza naitreti, ambayo si mbaya sana na ndiyo unayoipunguza ukibadilisha maji Jumapili. Makundi hayo yanachukua wiki nne mpaka nane kujijenga, na yanaweza kufa kwa dakika tano chini ya mfereji wenye klorini. Filta yenye afya ni ya rangi ya matope. Ukiiona inang'aa, kuna kitu kimekufa.

Usiku huu huu fanya hivi. Tafuta beseni ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, kama ni jipya ndiyo bora. Weka maji ya lita 10 au 15 yaliyokaa wazi kwenye ndoo usiku mzima na mchana wake, klorini imeshatoka. Huna? Jirani hana ndoo iliyokaa? Kama kuna chupa ya dawa ya kuondoa klorini, tumia hiyo. Yale maji ya kunywa ya mitungi ya lita 20 yasitumike peke yake, mengi yamechujwa hadi madini yameisha na aksolotli anapenda maji yenye madini. Hata haya yetu ya bwawa la Ndakaini ni laini mno kwake, yaani madini yake ni machache, lakini anayavumilia.

Hakikisha joto la beseni halipishani sana na la tangi, nyuzi mbili ndiyo mwisho. Mhamishe kwa chombo, usimshike kwa mikono wala kwa wavu wa nyuzi ngumu. Funika kwa kitu chenye matundu. Weka beseni sakafuni kwenye korido, gizani, mbali na jiko. Kila siku maji yote yabadilishwe, yote kabisa. Ukimwona ametoa choo, kiondoe papo hapo.

Na kesho nunua vitu viwili kabla ya dawa yoyote: kipimajoto, na kipimo cha maji cha matone. Kile cha karatasi kinadanganya.


Baba Tasha, Kasarani (Jumatano, saa moja jioni)

Mzee Fundi, asante sana. Jana usiku nilipata ndoo mbili kwa Mama Brayo wa ghorofa ya chini, yeye huchota na kuweka akiba kila mgao unapokuja. Ugali yuko beseni la lita 15.

Nimemuuliza dada. Aliiosha filta kwa maji ya mfereji na sabuni ya unga kidogo, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia "pale kwenye tangi pananuka, hebu pasafishe."

Nimepima maji ya tangi leo saa tisa alasiri. Joto nyuzi 25. Amonia imetoka kijani iliyokolea, kwenye kadi ni miligramu 2 kwa lita. Naitraiti karibu sifuri. Naitreti 5. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.8. Kusema kweli nilipoiona ile kijani nilikaa kwenye kochi nikanyamaza. Siku saba amelala ndani ya hiyo kitu na sisi tunapita tukimpungia mkono.

Pamba bado ipo. Sasa naitoaje?


Daktari Mtarajiwa, Kabete (Jumatano, saa mbili na nusu usiku)

Habari Baba Tasha. Mimi nasomea udaktari wa mifugo, mwaka wa nne. Sijahitimu, kwa hiyo ninachosema hakichukui nafasi ya daktari kumwona mgonjwa. Na niongeze kwamba wengi wetu tunafundishwa ng'ombe, mbwa na kuku. Ukipiga simu kliniki uliza kwanza kama kuna anayetibu kasa na mijusi, huyo atakuwa karibu zaidi na amfibia.

Vipimo vyako vinalingana na alichosema Fundi. Bakteria wangekuwa hai ungeona amonia sifuri, naitraiti sifuri na naitreti 10 au 20. Wewe amonia imepanda na naitreti iko chini. Tena amonia inazidi ukali maji yakiwa na joto na pH ikipanda, nawe ulikuwa na vyote viwili.

Kuhusu pamba, chukua tochi ya simu umulike kwa pembeni, kwa muda mfupi maana mwanga unamkera. Kuvu ina nyuzi nyuzi zinazosimama na kupepea maji yakitikisika. Ngozi iliyokufa inaning'inia kama utando wa kitunguu, haina nyuzi. Ikiwa ni kuvu na bado ni ndogo, chumvi inatosha.

Chumvi iwe ya kawaida isiyo na iodini wala kitu kingine chochote. Tafadhali usichukue ile ya ng'ombe ya agroveti, ile imechanganywa na madini ya kila aina na shaba imo mara nyingi. Vijiko viwili vya chai kwa kila lita, koroga hadi iyeyuke yote, maji yawe na joto lile lile la beseni. Mwache ndani dakika 10, ukisimama hapo hapo na saa mkononi. Akianza kupiga mkia kwa fujo mtoe hata kama ni dakika ya nne. Kisha mrudishe kwenye maji safi. Asubuhi na jioni, siku tatu. Usiendelee wiki nzima, chumvi yenyewe inachubua matamvua.

Ikiwa baada ya hapo kuvu imesambaa, kuna bafu la methilini bluu, dawa ya rangi ya kuulia kuvu, lakini hilo lifanyike kwenye beseni tu na kwa kipimo cha daktari. Ukiimwaga tangini unaua bakteria upya.

Dalili ambazo hazisubiri chumvi wala jukwaa: mabaka mekundu au mishipa ya damu iliyojitokeza kwenye miguu na tumbo, tumbo kuvimba kama puto, vidonda vinavyozidi kuwa vipana, au kulala ubavu asiweze kujigeuza. Hapo mara nyingi bakteria wameshaingia mwilini na anahitaji antibayotiki, tena kwa sindano na kwa uzito wake. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mtu atakuja kukushauri ununue unga wa tetrasaiklini wa kuku. Usinunue.


Jembe la Rongai (Jumatano, saa tatu usiku)

Haya, nimenyamaza. Lakini daktari umenijuaje, huo unga nilikuwa nao kwenye ncha ya ulimi.


Bi Kungu, Kisauni (Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri)

Asalaam aleikum watu wa bara. Mie nafuga samaki wadogo tu, aksolotli nilijaribu mara moja nikaona namtesa kiumbe wa watu, huku kwetu maji ya ndoo usiku wa manane ni nyuzi 28. Nilimpa mpwa wangu alokuwa akihamia Limuru, yuko hai mpaka leo na mnene.

Nilitaka kusema jambo moja. Huko Nairobi mwanunua kwa bei ya dhahabu majani makavu yaloandikwa jina la Kizungu, ya kutia kwenye matangi. Mwanangu, hayo ni majani ya mkungu! Mti ule ule wa kungu watoto wanaotupia mawe. Yakianguka yenyewe, yamekauka na kuwa kahawia, nayaokota, nayaosha kwa maji matupu, nayaanika. Moja kubwa latosha beseni kama lako. Maji yanakuwa rangi ya chai na ngozi inatulia. Usichukue mabichi wala ya kando ya barabara, yale yana moshi wa magari. Kama una mtu aja kutoka Mombasa, mwambie akuokotee.


Fundi wa Vioo, Buruburu (Alhamisi, saa moja asubuhi)

Bi Kungu shikamoo. Kila Desemba wakwe zangu wakitoka Likoni hubeba gunia la hayo majani, mke wangu anadhani nimechanganyikiwa.

Baba Tasha, hadi majani yafike, strungi inafanya kazi hiyo hiyo. Kifuko kimoja cha chai nyeusi tupu kwa lita 10. Isiwe na tangawizi, isiwe na masala, isiwe na ndimu, na sukari sitaji. Loweka kwenye kikombe cha maji moto robo saa, acha ipoe kabisa, mimina kwenye maji ya beseni. Tanini ya chai inakaza ngozi iliyoungua. Usichanganye na chumvi siku hiyo hiyo. Maliza siku tatu za chumvi, ndipo uanze chai.

Sasa hizo kokoto. Nimeziona kwenye picha uliyoweka juu ya wasifu wako, nyekundu na bluu, ukubwa wa maharagwe. Zitoe zote. Aksolotli hatafuni, anafungua mdomo ghafla na kila kilicho mbele kinavutwa ndani. Nilimpokea mmoja wa Donholm amevimba, haendi choo wiki mbili, mkia umeelea juu. Tulimweka kwenye maji safi ya baridi tukasubiri. Siku ya sita akatema kokoto tatu, moja baada ya nyingine, tuk, tuk, tuk kwenye beseni la plastiki, mimi na mtoto wangu tunahesabu. Bahati yake zilikuwa bado tumboni mbele. Zikishuka kwenye utumbo kokoto hazitemwi. Weka kioo kitupu, au mchanga laini kabisa akishakuwa mkubwa, au mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Joto: ondoa tangi dirishani, hilo ni la kwanza na ni la bure. La pili, feni ndogo ikipuliza juu ya uso wa maji inashusha nyuzi mbili mpaka nne, ila maji yanapungua upesi, uongeze. La tatu, chupa ya soda ya nusu lita iliyogandishwa, moja kwa zamu, usitupe nne kwa pamoja maana baridi ya ghafla nayo ni pigo. Mimi nina chupa sita kwenye friza, zimeandikwa FUNDI kwa wino ili watoto wasidhani ni barafu ya juisi. Stima ikipotea ndizo zinazonifaa.

Kuna watakaokwambia umtie kwenye friji, nyuzi 5 mpaka 8. Wapo wanaoapa kwa hilo na kuna wakati linasaidia, kwa sababu kuvu na bakteria wanapunguza mwendo. Lakini mnyama naye anapunguza mwendo, hata wa kupona. Kwa punje mbili za pamba mimi singefanya.

Tena usione kama nchi yetu haimfai. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, na sisi tuko karibu 1,700. Julai sebule yangu inampa nyuzi 16 bila senti moja. Shida ni Januari mpaka Machi tu. Huko kwao wamemchora kwenye noti ya peso 50 iliyotoka 2021, na wakati huo huo ziwani wanakaribia kwisha: waliohesabu 1998 walikadiria 6,000 kwa kila kilomita ya mraba, 2014 wakapata 36. Namwambia kila anayekuja kununua tangi. Wengine wananiangalia tu wakiuliza bei.


Baba Tasha, Kasarani (Jumamosi, saa tano asubuhi)

Nina habari mbili, moja ya aibu.

Ya aibu kwanza. Jana asubuhi baada ya chumvi nilimrudisha beseni, simu ya kazini ikaita, nikafunika nusu. Niliporudi beseni tupu. Tasha alikuwa shule, nikashukuru Mungu kwa hilo. Nilitafuta chini ya meza, chini ya mazulia, mwishowe nikamkuta nyuma ya kochi, amejaa vumbi na uzi mmoja wa pazia umemzunguka mguu wa mbele. Niliogopa kumshika nikamzoa kwa sahani ya plastiki iliyolowa. Sijui alikaa nje dakika ngapi, labda kumi. Nilimsuuza kwenye maji safi, vumbi likatoka, uzi ukajivua wenyewe. Leo mguu mmoja kidole kimoja hakipo. Sina hakika kama ni uzi au alikuwa hivyo nami sikuwahi kuhesabu.

Ya pili: pamba imebaki alama tu, kama vumbi la chaki. Matamvua yamerudi nyuma. Mkia umenyooka. Kula ndiyo bado.


Daktari Mtarajiwa, Kabete (Jumamosi, saa sita na nusu mchana)

Dakika kumi nje, akiwa bado na unyevu, anavumilia. Angalia tu ngozi isipate mabaka mekundu siku mbili hizi. Kuhusu kidole usilie: miguu ya mbele ina vidole vinne kila mmoja na ya nyuma vitano, kwa hiyo hesabu upya kwanza. Kama kweli kimepotea, kitaota. Wanaota mguu mzima na mfupa wake, ndiyo maana maabara za dunia nzima zinawafuga. Kwa umri wa Ugali ni wiki kadhaa. Kidonda kikiwa safi usikiguse.

Kutokula kwa siku tisa kwa mnyama wa ukubwa huo hakujafika pa kutisha, mradi hajakonda hadi tumbo likawa jembamba kuliko kichwa. Mjaribu jioni, taa zikiwa zimezimwa, na nyungunyungu mkate vipande. Hao nyungunyungu unawatoa wapi?


Baba Tasha, Kasarani (Jumamosi, saa saba mchana)

Nimehesabu. Miguu ya mbele vidole vinne, vinne. Vyote vipo. Nimeona haya peke yangu nyumbani.

Nyungunyungu nachimba kwenye bustani ya maua ya hapa ploti.


Fundi wa Vioo, Buruburu (Jumamosi, saa nane mchana)

Bustani ambayo mlinzi hupulizia dawa ya wadudu? Muulize. Kama ndiyo, acha leo. Kule Kikuyu kuna watu wanafuga nyungunyungu wa mbolea, nunua kwao, ila wale wekundu wembamba wana uchungu fulani na wengine huwatema. Ukiona amemtema, mchovye sekunde kadhaa kwenye maji ya moto kidogo, akipoa umpe.

Na usimrudishe tangini hata akila. Lile tangi linaanza upya kama jipya. Kwa kawaida singemshauri mtu achukue sponji kwa asiyemjua, unaweza kubeba ugonjwa nyumbani. Wangu wako kumi na mmoja, hakuna aliyeumwa tangu mwaka juzi, na karakana yangu unaweza kuja kuiona mwenyewe. Nitakukatia nusu ya sponji yangu kuukuu. Njoo na kopo lenye kifuniko, liwe na maji ya tangi langu ndani, sponji isikauke njiani. Usije na mfuko wa plastiki tukashikwa sote.

Dada mwambie siku nyingine sponji inakamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini wakati wa kubadilisha, mara moja kwa mwezi, basi. Mwambie vizuri. Hakujua, nawe hukujua.


Baba Tasha, Kasarani (Jumamosi iliyofuata, saa mbili usiku)

Wakuu, Ugali amekula Jumanne. Vipande vitatu, cha nne akakitema, na leo nyungunyungu mzima. Tulikuwa tumekaa sakafuni koridoni gizani, mimi, Tasha na dada, tukimulika kwa simu iliyofunikwa na leso. Mdomo ukafunguka "pap" na Tasha akapiga kelele mpaka Mama Brayo akapanda kuuliza kuna nini. Chai ya strungi ameoga siku nne, beseni lina rangi ya kahawia mpaka leo.

Sponji nilienda kuichukua Buruburu jana. Mzee Fundi, asante, na samahani kwa kukaa saa tatu kwenye karakana yako. Tangi liko koridoni sasa, kokoto zimetolewa, Tasha amezipanga kwenye chungu cha aloe vera. Amonia nitapima kila siku kama ulivyonionyesha, nisimrudishe mpaka amonia na naitraiti zikae sifuri wiki nzima.

Nilirudi kwa matatu ya Outering, kopo mapajani, maji ya matope yanacheza ndani. Kondakta alipofika kuchukua nauli akaliangalia, akaniangalia, akauliza kama ni supu ya kichwa. Nikamwambia ni bakteria. Kiti cha pembeni yangu kilikaa wazi mpaka Kasarani.